Nafaka Inayoanikwa Kando ya Barabara



Ukitoka Kisumu kuelekea Ahero wakati wa mavuno, utaona mpunga wa mashamba ya Kano umetandazwa karibu kabisa na lami. Mahindi nayo huanikwa vivyo hivyo. Hatumlaumu mkulima, kwa maana pale pana jua, pakavu, na wanunuzi hupita. Lakini udongo wa kando ya barabara una historia yake, na historia hiyo yaweza kuingia katika uji wa mtoto wako.

Katika miaka ya 1920, makampuni ya Marekani yalianza kutia madini ya risasi katika petroli ili injini zisigonge. Risasi ni metali nzito, ile ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Mwaka 1924, wafanyakazi kadhaa waliotengeneza dawa hiyo huko New Jersey walirukwa na akili, wakafa. Hata hivyo biashara iliendelea, na petroli hiyo ikaenea duniani, hata hapa kwetu. Kwa miaka mingi moshi wa magari ulitoa risasi, na vumbi lake likatua kandokando ya barabara.

Mwezi wa Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa. Kenya iliachana nayo mwanzoni mwa mwaka 2006. Mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho, imeacha kuiuza.

Je, hatari imekwisha? Hewa imekuwa nafuu, ndiyo. Lakini metali haiozi. Hukaa katika udongo wa juu miaka mingi sana, na nafaka iliyoanikwa hapo hubeba vumbi lake. Kuosha hupunguza vumbi hilo. Kuchemsha hakusaidii, kwani moto huua viini vya kipindupindu lakini hauui metali.

Mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo polepole: mtoto huchelewa kujifunza, hukosa utulivu, hupungukiwa na damu. Kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Hujificha mifupani, na mama anapopata mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Dalili huchelewa, kipimo cha damu ndicho hufichua.

Basi tufanye nini?

Kwanza, anika nafaka juu ya turubai safi, mbali na barabara.

Pili, pepeta vizuri, kisha osha kabla ya kupika au kusaga.

Tatu, usivunje wala kuyeyusha betri kuukuu karibu na ghala au jiko.

Nne, mpe mtoto omena na mboga za kienyeji. Mwili uliopungukiwa na madini ya chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi.

Msikilizaji, risasi imeondolewa katika petroli. Iliyobaki udongoni tusiipeleke jikoni wenyewe. Kinga ni bora kuliko tiba.