Nisomee Wanaolia: Maandiko na Matumaini Kigali baada ya 1994

Mwaka 2023, tarehe 7 Aprili iliangukia Ijumaa Kuu. Kwa Wakristo wa dunia nzima ilikuwa siku ya kukumbuka mateso ya Yesu. Kwetu Rwanda ilikuwa pia siku ya kuanza Kwibuka, yaani kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Asubuhi hiyo nilikuwa kwa bibi yangu hapa Kigali. Bibi hajaingia kanisani tangu 1994, kwa kuwa ndugu zake waliuawa ndani ya kanisa walilokimbilia. Hata hivyo, Biblia yake ya Kinyarwanda ameitunza. Siku hizi macho yake hayaoni herufi ndogo, hivyo aliniomba nimsomee. Nilifungua habari za ufufuo, nikidhani ndizo zitakazomfariji. Akanizuia.

"Leo bado ni Ijumaa, mwanangu," aliniambia. "Nisomee wanaolia."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa swali la insha hii. Wanyarwanda walipata wapi matumaini katika Maandiko, ikiwa makanisa yenyewe yaligeuzwa machinjio? Hoja yangu ni kwamba matumaini hayo yalianzia kwenye kurasa za kilio na za kuungama, kwa sababu kurasa hizo ziliwaruhusu watu kusema ukweli.

Tuanze na kitabu chenyewe. Injili nne zilitafsiriwa kwa Kinyarwanda na mmisionari Mjerumani, Karl Roehl, zikachapishwa mwaka 1914. Sisi tunaosoma Kiswahili tunalijua jina hilo kwa sababu nyingine: ndiye aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka 1937, akijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi ya Kinyarwanda iliendelezwa na Mwingereza Harold Guillebaud, na Agano Jipya likatoka 1931. Katika miaka hiyo ya 1930 uamsho ulizuka Gahini, mashariki mwa nchi, mahali alipofanya kazi daktari mmisionari Joe Church. Watu walisimama mbele ya wenzao, wakataja dhambi zao waziwazi na kurudisha mali walizoiba. Uamsho huo ulivuka mipaka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakaitwa Walokole. Kwa hiyo, kuungama hadharani si jambo geni katika historia ya Ukristo wa Rwanda. Lilikuwepo tangu mapema.

Lakini historia haituruhusu kuishia hapo. Kufikia 1994, karibu watu tisa kati ya kumi nchini walijiita Wakristo. Pasaka ya mwaka huo iliadhimishwa tarehe 3 Aprili. Siku nne baadaye mauaji yalianza. Tarehe 7, katika kituo cha Wajesuiti cha Centre Christus, Remera, watu 17 waliuawa, wakiwemo mapadri, wanawake vijana waliokuwa kwenye mafungo na wafanyakazi wa kituo. Tarehe 9, katika parokia ya Wapalotini ya Gikondo, wauaji waliingia kanisani, wakakagua vitambulisho, kisha wakaua watu wapatao 110. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wabatizwa waliosoma kitabu kimoja. Mwanafunzi wa historia lazima akubali jambo hili chungu: kuyajua Maandiko kwa moyo hakukuuzuia mkono wa mtu kushika panga.

Basi waliokuwa mafichoni waliyasoma vipi maneno hayohayo? Mfano unaojulikana sana ni wa Immaculée Ilibagiza. Alijificha kwa siku 91 pamoja na wanawake wengine saba katika bafu dogo la nyumba ya mchungaji, magharibi mwa nchi. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 2006, anasimulia jinsi alivyosali kwa rozari aliyopewa na baba yake, na jinsi Sala ya Bwana ilivyomshinda pale penye ahadi ya kuwasamehe waliotukosea. Hakutaka kumwambia Mungu uongo. Msamaha ulikuja baadaye, baada ya mapambano marefu. Naona katika simulizi hili kwamba imani yake iliokolewa na ule ukweli wa kusema "hili siliwezi bado".

Biblia yenyewe inampa mtu nafasi hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Kitabu cha Maombolezo kinaulilia mji wa Yerusalemu ulioteketezwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Katika Yeremia, Raheli anawalilia wanawe na kukataa kufarijiwa. Waliovikusanya vitabu hivi wangeweza kuviacha nje. Waliviingiza. Kwa aliyepoteza jamaa wote, kukuta kilio chake kimekwisha kuandikwa ndani ya kitabu kitakatifu ni kujua kwamba hakufukuzwa mbele ya Mungu kwa sababu ya hasira yake.

Upande wa kuungama ulichelewa zaidi. Tarehe 20 Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa niaba ya Wakristo walioshiriki mauaji. Serikali iliona hayatoshi. Tarehe 20 Machi 2017, Papa Fransisko, alipokutana na Rais Paul Kagame huko Vatikani, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita. Ni rahisi kuwasomea wengine habari za toba, ni vigumu kuzisoma tukijitazama wenyewe.

Msomaji anaweza kuniuliza: kilio nacho ni matumaini? Nilijiuliza hivyo nilipokwenda Remera. Chumba walimouawa watu wale kimehifadhiwa kama kumbukumbu, na kituo bado kinapokea wanaotaka kusali na kusoma Maandiko kwa ukimya. Nilielewa kwamba anayelia mbele ya Mungu bado anaamini yupo wa kumsikia. Aliyekata tamaa kabisa hanung'uniki, hunyamaza. Nadhani ndiyo maana bibi aliliacha kanisa lakini kitabu hakukiacha. Wanaomhimiza asahau haraka ili apone wanamnyang'anya mlango pekee uliobaki wazi.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9, nilirudi kwake. Nilishika Biblia, nikamuuliza kama sasa nisome habari za ufufuo. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia nianzie pale tulipoishia Ijumaa. Tulikuwa sura ya tatu ya Maombolezo, na zilikuwa zimebaki mbili.