Picha ya Ubongo na Jicho la Kuisoma

Maelezo baada ya taarifa ya habari, kwa wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi

Sekta ya Gitambi imo katika wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, katika nchi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Cyangugu. Kutoka huko mipaka ya Kongo na Burundi ni karibu, lakini Kigali ni mbali. Barabara hupanda milima, hukata msitu wa Nyungwe, hupita Huye, na huzidi kilomita 200 kabla ya kuufikia mji mkuu. Mtu akianguka na pikipiki katika vilima vya Gitambi na kichwa chake kikapiga chini, urefu wa safari hiyo huwa ndio kipimo cha maisha yake. Aliyevunjika mguu aweza kuivumilia barabara. Aliyevuja damu ndani ya kichwa hana muda wa kuvumilia, kwa maana fuvu ni sanduku la mfupa lisilopanuka, na damu inayokusanyika humo haina mahali pa kwenda isipokuwa kuukandamiza ubongo.

Mara nyingi wa kwanza kufika penye ajali si mganga, ni askari. Naye yafaa ajue kwamba yako majeraha ya kichwa yanayomdanganya mtazamaji. Majeruhi hupoteza fahamu kwa dakika chache, huamka, husema, hata hutembea. Kisha baada ya saa kadhaa huanza kusinzia, na asipotibiwa haamki tena. Tena mtu anayenuka pombe huweza kudhaniwa kuwa ni mlevi tu, akalazwa mahabusu ili pombe imtoke, kumbe damu inamwagika ndani ya fuvu lake. Kwa kumtazama usoni hakuna awezaye kuwa na hakika. Picha ya ndani ya kichwa ndiyo shahidi wa kuaminika. Lakini shahidi huyo hasemi lugha ya kila mtu, na historia ya namna binadamu walivyojifunza kumsikiliza ina mafunzo makubwa kwa taifa lolote linalojenga hospitali zake.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen, mwalimu wa fizikia wa Kijerumani, mwezi Novemba 1895. Miezi michache tu ikapita, nayo ikaingia katika kazi za majeshi, na mara hiyo ya kwanza ilihusu vita vya Afrika. Majeshi ya Italia yaliposhindwa na Waethiopia huko Adwa, Machi 1896, baadhi ya majeruhi walirudishwa Naples, na huko daktari mmoja wa jeshi akatumia mionzi hiyo kutafuta risasi zilizobaki mwilini mwao. Miaka miwili baadaye, wakati wa vita vya Sudan, Meja Battersby wa jeshi la Uingereza alisafirisha mtambo wa eksirei hadi Abadieh, kando ya mto Nile. Umeme wake ulitokana na jenereta iliyozungushwa kwa baiskeli ya kuendeshwa na watu wawili. Baada ya mapigano ya Omdurman, Septemba 1898, majeruhi 121 wa Kiingereza walifikishwa kwake. Kati yao walikuwako 21 ambao risasi zao hazikuweza kupatikana, wala kukanushwa, kwa njia za kawaida. Mtambo ule ulitoa jibu sahihi kwa 20.

Vita Kuu ya Kwanza ilidhihirisha jambo la pili. Marie Curie alipopeleka magari ya eksirei kwenye mstari wa mbele nchini Ufaransa, alitambua upesi kwamba gari bila mtu aliyefundishwa ni mzigo wa chuma. Kwa hiyo akaanzisha mafunzo, na wanawake wapatao 150 wakahitimu kuendesha mitambo hiyo. Hapo ndipo ilipodhihirika kwa mara ya kwanza, tena chini ya mizinga, kwamba mashine na mafunzo ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja, na kimoja bila kingine hakifai kitu.

Hata hivyo, ubongo ulibaki fumbo. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika na risasi iliyokwama, lakini nyama laini ya ubongo haionekani. Mwaka 1918 Walter Dandy, mpasuaji wa Baltimore nchini Marekani, alipata hila ya kuingiza hewa katika vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo. Hewa ilijionyesha katika picha, na chumba kilichosukumwa upande kilifichua uvimbe uliojificha. Mwaka 1927 Egas Moniz, huko Lisbon, aliingiza dawa katika mishipa ya damu ya shingo, na mishipa ya ubongo ikaonekana katika picha kama mizizi ya mti. Njia hizo ziliokoa watu wengi, ingawa ziliambatana na maumivu makali na hatari kwa mgonjwa.

Ugumu wa njia hizo ndio uliozaa ubingwa mpya. Kivuli cha hewa kilichosogea kidogo kilikuwa na maana kubwa, na daktari wa eksirei wa kawaida hakuweza kukisoma kwa hakika. Katika hospitali ya Serafimer mjini Stockholm, daktari Erik Lysholm alifanya kazi bega kwa bega na mpasuaji wa ubongo Herbert Olivecrona. Mmoja alisoma picha, mwingine alifungua fuvu, na yaliyoonekana mezani mwa upasuaji yakarudi kusahihisha usomaji wa kesho yake. Madaktari wa nchi nyingine walikwenda huko kujifunza. Hivyo ikaanza desturi ambayo haijabadilika hadi leo: daktari aliyekwisha kuwa bingwa wa picha hurudi tena kuwa mwanafunzi, akakaa mwaka mmoja au miwili katika hospitali ya kufundishia, akisoma picha za ubongo na uti wa mgongo tu, chini ya mwalimu aliyemtangulia. Hicho ndicho kinachoitwa siku hizi ubingwa bobezi.

Huko Marekani desturi hiyo ilipata nguvu kwa juhudi za Juan Taveras. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1919 katika Jamhuri ya Dominika, nchi ndogo ya kisiwani. Akawa mwalimu mashuhuri mjini New York, na mwaka 1962 akaongoza kuundwa kwa chama cha madaktari wa picha za ubongo wa Marekani, kilichoanza na watu wachache mno. Mtoto wa nchi ndogo aliyefundishwa vizuri akawafundisha wakubwa.

Badiliko lililofuata lilikuwa na mkono wa Afrika ndani yake. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini, alitakiwa kusaidia kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alipoona jinsi mionzi ilivyopitishwa mwilini kwa kukisia, alianza kutafuta hesabu ya kuonyesha kila sehemu ya ndani ilivyo. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Huko Uingereza, bila kujua kazi hiyo, Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyewahi kufundisha rada katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijenga mashine yenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, alipigwa picha katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine hiyo ndiyo siti skani. Kwa mara ya kwanza ubongo ulionekana vipande kwa vipande bila hewa wala sindano ya shingoni. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel.

Wengi walidhani kwamba kwa kuja siti skani, na baadaye mashine ya sumaku iitwayo MRI, kazi ya msomaji ingekuwa rahisi. Ilikuwa kinyume. Picha ziliongezeka kutoka moja hadi mamia kwa mgonjwa mmoja. Damu mbichi huonekana nyeupe katika siti skani, lakini baada ya siku nyingi hufifia hata ikafanana na ubongo wenyewe. Damu iliyo baina ya mfupa na utando wa nje huwa na umbo la dengu. Iliyo chini ya utando huo huwa na umbo la mwezi mwandamo. Ya kwanza humtaka mpasuaji saa ileile. Kiharusi cha mshipa ulioziba huweza kutoonyesha dalili yoyote katika saa za mwanzo isipokuwa kwa jicho lililozoea. Hayo hayajifunzwi kitabuni peke yake. Mwanafunzi hukaa mbele ya picha alfajiri, huandika maoni yake, mwalimu huyapitia na kuyasahihisha. Kisha wote hukutana na wapasuaji kuulizana nani alikosea na kwa nini. Askari aliyepitia kozi atalitambua jambo hili: ni mazoezi ya kila siku chini ya mkufunzi mkali, mpaka kutambua kuwe tabia.

Hapa ndipo historia inapoingia nchini Rwanda. Hospitali ya Kufundishia ya Chuo Kikuu iliyoko Kigali ina mizizi yake katika miaka ya 1910; ile ya Butare iko Huye, katika njia hiyohiyo anayopitia majeruhi wa Gitambi; na Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe hutibu askari na raia pia. Lakini mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza madaktari na wauguzi, yakawatawanya wengine, na hospitali zikaanza upya karibu na patupu. Majengo na mitambo vilirudi upesi kuliko watu wa kuviendesha. Mwaka 2012 serikali ilianzisha, pamoja na vyuo vikuu vya Marekani, mpango wa kuleta walimu wafundishe mabingwa humuhumu nchini, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Rwanda kikaundwa kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu.

Wako wanaouliza, wala swali lao si la kipuuzi: nchi yenye mabingwa wachache wa picha za mwili mzima ina haki gani ya kumtenga mmoja asome ubongo tu? Je, si anasa? Jibu ni kwamba mbobezi hatakiwi kukaa peke yake akisoma picha za nchi nzima. Kazi yake ya kwanza ni kufundisha. Picha iliyopigwa mbali yaweza kupelekwa kwake kwa mtandao kwa dakika chache, na jibu lake laweza kuamua kama majeruhi asafirishwe usiku uleule au atibiwe alipo. Na kila jibu analoandika humfundisha daktari aliyelipokea.

Tena yako magonjwa ambayo msomaji aliyefunzwa ng'ambo peke yake huyaona kwa nadra. Vifuko vya minyoo tegu katika ubongo, ambavyo ni sababu mojawapo ya kifafa nchini Rwanda, uvimbe wa kifua kikuu kichwani, na malaria ya ubongo, vyote hufundishwa vizuri zaidi pale vilipo. Anayejifunza nyumbani hutibu wananchi huku anajifunza. Anayepelekwa mbali huacha pengo, na si wote warudio.

Mfano wa kufanya hivyo uko karibu. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kilianza mafunzo ya miaka miwili ya tiba inayoongozwa na picha, tawi lililo ndugu wa ubingwa huu. Walimu wa nje, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Yale, walikuja kwa zamu, wanafunzi wakabaki na wagonjwa wao, na lengo likawa wahitimu wawe walimu wa wenzao. Kadhalika Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999, hufundisha wapasuaji ndani ya hospitali za nchi wanachama bila kujenga chuo kimoja kikubwa.

Watu wa Rusizi hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo kwa mbali. Katika misheni ya Mibirizi, iliyoanzishwa mwaka 1903 wilayani humo, ndipo miche ya kwanza ya kahawa ya Rwanda ilipopandwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miche ilikuwa michache. Ingekunywewa yote kama kahawa, habari ingeishia hapo. Ilitunzwa ikawa mbegu, na jina la Mibirizi likabaki kuwa jina la aina ya kahawa. Mbobezi wa kwanza katika hospitali ya kufundishia ni mche wa namna hiyo.

Wakati mbegu hiyo inatunzwa, wajibu wa walinzi wa nchi hausubiri. Tangu mwaka 2004 askari wa Rwanda wamelinda amani Darfur na penginepo, na wanajua thamani ya majeruhi kufika mapema kwa tabibu. Polisi, waliozindua kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, wanajua kwamba kofia ya pikipiki iliyofungwa kidevuni hupunguza kazi ya mashine zote. Lililobaki ni hili: aliyepigwa kichwa asihesabiwe kuwa mlevi mpaka mganga aseme hivyo, saa ya kuumia na saa ya kupoteza fahamu ziandikwe, na mtu asiachwe alale bila mlinzi wa kumwamsha. Maandishi hayo machache ya askari husafiri pamoja na majeruhi kutoka Gitambi, na ndiyo yanayomwambia msomaji wa picha, mbali huko hospitali, aanze kutafuta wapi.