Kuosha Mafuta Kichwani: Kutoka Biharwe hadi Nakivale

Msafiri atokaye Masaka kwenda Mbarara hupita Biharwe kabla ya kufika mjini. Hapo, kando ya barabara kuu, pana kituo cha utamaduni cha Igongo pamoja na jumba lake la makumbusho, na katika eneo hilohilo umejengwa mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua. Simulizi za Nkore na Bunyoro zasema kwamba mfalme wa Bunyoro, Olimi wa Kwanza, alikuwa ameteka ng'ombe wengi katika vita, mara jua likafifia mchana, jeshi lake likaingiwa na hofu likakimbia, na ng'ombe wakabaki Nkore. Wanahistoria wengi hulilinganisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Wageni huonyeshwa mnara wakapiga picha, ng'ombe husahauliwa. Mimi naanzia kwa ng'ombe, kwa kuwa pasipo ng'ombe hapana samli, na pasipo samli makala haya hayana mada.

Mengi yameandikwa kuhusu watu wa Afrika ya Mashariki na kujipaka mafuta. Tunasoma habari za samli na siagi kwa wafugaji, mafuta ya nazi na ya ufuta kwa watu wa pwani, mawese kwa watu wa Kongo na Kigoma. Lakini mafuta yaliyopakwa lazima siku moja yatoke, hasa kichwani, ambako hushikana na vumbi na jasho. Yalitolewaje? Swali hili laonekana dogo, hata la jikoni, na labda ndiyo sababu wanahistoria wetu hawakulishughulikia. Hata hivyo watu wamehukumiwa kwa jibu lake.

Padre John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyefika Ankole kwa utafiti katika miaka ya 1919 na 1920, na ambaye kitabu chake kuhusu Banyankore kilichapishwa mwaka 1923, aliandika kwamba Bahima waliepa kuoga kwa maji kwa kuamini kuwa jambo hilo lingewadhuru ng'ombe. Badala yake walijipaka udongo, ukikauka wakausugua utoke, kisha wakajipaka siagi. Wasomaji wengi wa maandishi ya aina hii walitoka na neno moja tu: uchafu. Hapo ndipo ninapoachana nao. Mwenye shaka na apake samli kiganjani, ajaribu kuitoa kwa maji baridi matupu. Itaganda na kuteleza, wala haitatoka. Kisha ajaribu kwa udongo mkavu au unga. Udongo hunyonya mafuta, na mafuta huwa tayari yameshika vumbi na jasho. Ukisugua udongo utoke, hutoka na vyote viwili. Katika nchi ya malisho makavu, ambako maji yalitafutwa kwanza kwa ajili ya mifugo, hiyo ilikuwa njia ya kujisafisha iliyofanya kazi. Wahimba wa Namibia, ambao hujipaka mafuta ya siagi yaliyochanganywa na udongo mwekundu, nao hujifukiza moshi wa majani yenye harufu nzuri badala ya kuoga kwa maji, na siku hizi watalii hulipa fedha nyingi kwenda kuwatazama. Bahima wa zamani hawakupata bahati hiyo ya kusifiwa.

Njia ya pili ya kale ni jivu. Maji yaliyochujwa katika jivu huwa makali, na yakikutana na mafuta ya mnyama au ya mmea hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa sabuni. Yaani uchafu wenyewe hufanywa kuwa dawa ya kujiondoa. Njia ya tatu ni majani yenye povu. Watu wa pwani wanaujua mkunazi, kwa sababu majani yake hutiwa katika maji ya kuoshea maiti kwa mujibu wa mafundisho ya Kiislamu. Wasomali huyakausha majani ya mti wa jamii hiyohiyo, wakayatwanga yawe unga wa kijani uitwao qasil, na wanawake wao huutumia kuoshea nywele na uso. Mkunazi hauchagui: huosha mafuta, lakini hauziachi nywele zikiwa kavu kama majani ya paa, jambo ambalo sabuni ya mche hulifanya bila huruma.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana mimi ni mwalimu wa lugha. Lugha za ukanda huu zinakubaliana sana juu ya mafuta yenyewe. Mswahili husema mafuta, Muganda amafuta, Mnyarwanda na Mrundi amavuta, Mnyankore amajuta. Ni neno moja lililosafiri. Katika kuosha, mambo huwa mengi zaidi. Kiswahili hutenganisha kunawa, kuoga, kuosha, kufua na kusuuza. Kinyarwanda kina gukaraba, koga, koza na kumesa. Runyankore ina okunaaba na okwoza. Kilingala kwa upande wake hutosheka na kosukola kwa mwili, nguo na vyombo. Mwanafunzi wetu aliyekulia katika Kilingala akiandika kwamba mtu "amefua kichwa", tusimcheke. Anajaribu kugawanya kitu ambacho lugha yake ya kwanza haikigawanyi.

Kisha kuna shampuu. Neno hili limetoka India, katika kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kukanda au kubonyeza mwili. Aliyelipa umaarufu Uingereza ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, aliyefungua bafu za mvuke na kukandwa huko Brighton mwanzoni mwa karne ya 19, akapata kuwahudumia hata wafalme. Wakati huo neno halikuwa na uhusiano wowote na chupa ya sabuni ya maji. Maana ya kuosha nywele ilikuja baadaye, katika karne hiyohiyo. Ndiyo kusema neno ambalo leo lahusu kuondoa mafuta lilianza katika kukanda, na huko India kukanda kichwa kwenda na kutia mafuta hadi leo. Kiswahili kina kitenzi chake kinachokaribiana na hicho, nacho ni kusinga: kumkanda na kumpaka mtu mafuta au manukato, kama afanyiwavyo bi harusi wa pwani. Pia twasema nywele za singa kwa nywele ndefu zilizonyooka, kinyume cha nywele za kipilipili. Mwanafunzi asikimbilie kuyaunganisha maneno hayo mawili kwa sababu ya kufanana tu.

Turudi Ankole. Tauni ya ng'ombe ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwaangamiza wengi wa ng'ombe wa nchi hii, na samli ikawa adimu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 makazi ya Nakivale yalianzishwa, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Isingiro, na kuwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadhi yao walikuja na ng'ombe. Mwezi Oktoba 1982 Wanyarwanda na wengine waliohesabiwa kuwa pamoja nao walifukuzwa majumbani mwao katika Mbarara na sehemu za jirani. Nyumba zilibomolewa, ng'ombe waliporwa, na maelfu ya watu walisukumwa hadi katika makazi ya wakimbizi au kuvuka mpaka. Vitabu huhesabu watu na nyumba. Ningependa mtafiti mmoja ahesabu pia vibuyu vya maziwa, kwa maana mtu asiye na ng'ombe hununua mafuta yake dukani.

Na dukani ndiko kuna vaselini. Mafuta haya mazito, ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, hutokana na petroli ya ardhini. Hayatoki kwa mnyama wala kwa mmea, na kwa hiyo maji ya jivu hayawezi kuyageuza kuwa sabuni hata ukiyachemsha mchana kutwa. Naona hapa ndipo ujuzi wa bibi zetu ulipokwama. Haikuwa kwamba njia zao zilikuwa mbovu. Kilichobadilika ni mafuta. Jivu lililoimudu samli halikuimudu vaselini, na watu wakaanza kusema kuwa jivu ni ushamba. Katika saluni za Mbarara, vaselini hupakwa kwenye ngozi ya kichwa kabla ya kuweka dawa ya kulainisha nywele ili dawa isiunguze, na nyingi za dawa hizo ni magadi makali, ndugu wa jivu kwa tabia ya kikemia.

Wakongo waliofika Nakivale kwa wingi kutokana na vita vya mashariki ya nchi yao walikuja na mawese na Kiswahili chao. Wao wana historia yao na sabuni, tena chungu. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni ya Sunlight, ilipewa na Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, na makao yake makubwa katika Kwilu yakaitwa Leverville, ambayo leo ni Lusanga. Watu walishurutishwa kupanda michikichi na kukata mikungu, na mafuta yakaenda kuwa sabuni za kuwaoshea wengine.

Leo Nakivale wako pia Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Nyanda za juu za Ethiopia zina desturi ya kupaka siagi kichwani, wakaisuka ndani ya nywele, wakaiacha iyeyuke polepole. Kuitoa siagi hiyo kwataka maji ya moto, kwani huyeyuka inapofikia yapata nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Mafuta ya nazi, ambayo pwani ni maji, huganda chini ya nyuzi 24 au 25, na asubuhi za Mbarara ni baridi kuliko hivyo. Mama aliyezoea kuyasuuza kwa maji ya mtungi huko kwao, hapa huyakuta yameshika kama nta. Maji ya moto maana yake ni kuni, na kuni zina gharama. Viwango vya kimataifa vya misaada vijulikanavyo kama Sphere hutaja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote, pamoja na gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Gramu 250 ni kipande kimoja cha kawaida. Sijui ni nani aliyewahi kuwafikiria wenye nywele ndefu alipokuwa akipima kipande hicho.

Kuna shule nyingi Uganda zinazowataka wasichana wakate nywele, na hoja inayotolewa mara kwa mara ni usafi. Msichana wa Kisomali au wa Kieritrea huondolewa kwa mkasi kile ambacho mama yake amekilea kwa miaka kumi, bila mtu kumwuliza jinsi kinavyooshwa. Angeulizwa, angesema. Unga wa qasil huanza kukorogwa kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka uwe uji mzito. Hupakwa kwenye nywele zenye mafuta zikiwa bado kavu. Husuguliwa kuanzia kwenye ngozi kuelekea ncha, huachwa kwa muda, kisha humiminiwa maji kutoka kwenye jagi huku mwoshwaji ameinamia beseni. Majagi mawili au matatu hutosha, na maji ya beseni huwekwa pembeni kwa kudekia.