Moduli za mtandao zinapolala: Namna programu endeshi inavyopunguza umeme wa milango isiyotumika

Ujumbe mwingi unaotumwa kutoka Kampala, Kigali au Bujumbura kwenda ng'ambo husafiri ndani ya nyuzi za kioo hadi Mombasa au Dar es Salaam, na huko huingia katika mikongo ya baharini. Njiani hupitia swichi nyingi, yaani mitambo inayopokea data katika mlango mmoja na kuitoa katika mlango mwingine. Mitambo hiyo hula umeme usiku na mchana, na umeme wa gridi unapokatika, hutegemea betri na jenereta.

Sehemu ya umeme huo huliwa na milango ambayo haipitishi chochote kwa sababu imefungwa na msimamizi wake. Makala haya yanaeleza jinsi matumizi hayo yanavyoweza kupunguzwa kwa programu peke yake, na kwa nini jambo linaloonekana dogo hivyo huhitaji uangalifu.

Moduli ni kitu gani?

Swichi kubwa haiunganishwi na waya wa nyuzi za kioo moja kwa moja. Katika kila mlango huchomekwa kifaa kidogo, chenye ukubwa unaokaribia kidole, kinachoitwa moduli. Kazi yake ni kugeuza ishara za umeme kuwa mwanga wa leza, na mwanga unaofika kutoka upande wa pili kuugeuza tena kuwa umeme.

Moduli si kipande cha waya tu. Ndani yake mna leza, saketi za kusafisha ishara, kipima joto na kumbukumbu yenye maelezo ya mtengenezaji na uwezo wake. Kadiri kasi inavyoongezeka, ndivyo umeme unavyohitajika zaidi. Moduli za kundi la QSFP-DD, zinazotumika katika mawasiliano ya kasi ya gigabiti 400 kwa sekunde, hugawanywa katika madaraja manane ya umeme. Daraja la kwanza halizidi wati 1.5, la sita halizidi wati 12, na la nane huvuka wati 14.

Hali mbili za umeme

Viwango viwili vinavyotawala moduli hizi, yaani SFF-8636 kwa moduli za QSFP na CMIS kwa kizazi kipya, vinatambua hali ya umeme mdogo na hali ya umeme mkubwa.

Katika hali ya umeme mdogo, leza na saketi zinazokula umeme mwingi huwa zimezimwa. Moduli haipitishi data, lakini haijafa. Swichi bado inaweza kusoma kumbukumbu yake, kujua aina yake na kupima joto lake. Katika hali ya umeme mkubwa, moduli yote huwa macho na tayari kwa kazi.

Swichi huiamuru moduli kwa njia mbili. Ya kwanza ni pini maalumu iliyopo katika tundu la kuchomekea. Ya pili ni kuandika biti chache katika kumbukumbu ya moduli yenyewe. Ni nani basi anayeamua lini amri hiyo itolewe? Hapo ndipo programu endeshi inapoingia.

Programu endeshi na sera zake

Programu endeshi, ambayo mafundi wengi huiita draiva, ni mkalimani baina ya mfumo wa kompyuta na kifaa. Mfumo husema "funga mlango wa kumi na moja", na draiva huigeuza kauli hiyo kuwa amri ambazo kifaa husika kinazielewa.

Kwa muda mrefu wasimamizi wa mitambo inayotumia Linux hawakuwa na amri moja ya kawaida ya kuongoza umeme wa moduli. Mnamo Oktoba 2021, kazi iliyofanywa na wahandisi wa kampuni ya Nvidia ilikubaliwa kuingizwa katika kiini cha Linux. Ilitoka rasmi katika toleo la 5.16, Januari 2022. Draiva ya kwanza kuitumia ilikuwa mlxsw, inayoendesha swichi za Spectrum za kampuni hiyo.

Mpango huo unampa msimamizi sera mbili za kuchagua. Sera ya high huiweka moduli katika umeme mkubwa wakati wote, mlango uwe wazi au umefungwa. Sera ya auto huiamsha moduli pale mlango wa kwanza unaoitumia unapofunguliwa, na kuilaza pale mlango wa mwisho unapofungwa. Amri huandikwa hivi:

ethtool --set-module swp11 power-mode-policy auto

Msimamizi akitaka kujua mambo yalivyo, hutumia amri ya --show-module. Jibu huwa na sehemu mbili: sera aliyoiweka, na hali halisi ya moduli kwa wakati huo. Mambo hayo mawili yametenganishwa kwa makusudi. Sera ni agizo linalokaa upande wa swichi, hata tundu likiwa tupu. Hali ni habari inayotoka kwa moduli, nayo huonyeshwa tu ikiwa moduli imechomekwa.

Ugumu uko wapi?

Mtu anayeongeza uwezo huu katika draiva hutakiwa kuandika kazi mbili: moja ya kusoma hali, nyingine ya kuweka sera. Ugumu umo katika kuhesabu milango.

Moduli moja ya kasi kubwa inaweza kugawanywa ikahudumia milango minne, na kila mlango ukawa wa mteja tofauti. Mteja mmoja akifungiwa mlango wake, na draiva ikailaza moduli papo hapo, wateja watatu wasiohusika watakatiwa mawasiliano. Kwa hiyo draiva huweka hesabu ya milango iliyo wazi katika kila moduli. Hesabu hupanda mlango unapofunguliwa na hushuka unapofungwa, na moduli hulazwa ikifika sifuri tu. Hesabu hiyo hulindwa kwa kufuli ya programu, ili amri mbili zinazofika kwa wakati mmoja zisiivuruge.

Tahadhari ya pili inahusu kubadilisha sera wakati kazi inaendelea. Msimamizi akihama kutoka high kwenda auto huku mlango ukiwa wazi, draiva ya mlxsw huihifadhi sera mpya bila kuigusa moduli, hivyo mawasiliano hayakatiki. Kama hakuna mlango ulio wazi, mabadiliko hufanyika mara moja.

Hesabu ya umeme

Tuchukue mfano wa swichi yenye milango 32 ya gigabiti 400, ambayo 10 kati yake imefungwa, na kila moduli inakula wati 12 ikiwa macho. Moduli hizo 10 hutumia wati 120 bila kupitisha hata neno moja. Zikilazwa na kubaki na wati 1.5 kila moja, jumla hushuka hadi wati 15. Tofauti ni wati 105, ambazo kwa mwaka mzima hukaribia kilowati-saa 920 kwa swichi moja.

Hapo hatujahesabu joto. Karibu umeme wote unaoingia katika moduli hutoka kama joto, na feni pamoja na viyoyozi vya chumba hutumia umeme mwingine kuliondoa. Katika kituo kinachoendeshwa kwa jenereta, kila wati inayookolewa ni dizeli isiyochomwa.

Gharama ya usingizi

Moduli iliyolala haiamki papo hapo. Leza yake inahitaji muda wa kutulia, na saketi zake zinahitaji kuanzishwa upya. Kiwango cha CMIS huitaka kila moduli itangaze yenyewe muda wa juu inaohitaji kuamka, na kwa baadhi ya aina muda huo huhesabiwa kwa sekunde wala si kwa sehemu ndogo za sekunde.

Kwa njia ya akiba iliyofungwa, ambayo hutakiwa kufunguliwa mara tu njia kuu inapokatika, sekunde hizo ni simu zilizokatika na malipo yaliyokwama. Msimamizi wa njia ya namna hiyo ana sababu nzuri ya kubaki na sera ya high. Mwongozo wa kiini cha Linux unapendekeza auto iwe sera ya msingi kwa draiva mpya, lakini unaziruhusu draiva ambazo haziwezi kuacha desturi yake ya zamani ziendelee nayo.

Yasiyopaswa kuchanganywa

Sera ya auto haitazami wingi wa data. Mlango ulio wazi, hata ukikaa kimya usiku kucha, moduli yake hubaki macho. Kupunguza umeme katika ukimya mfupi kati ya pakiti na pakiti ni kazi ya kiwango kingine, IEEE 802.3az cha mwaka 2010, kinachotumika hasa katika nyaya za shaba. Simu ya mkononi nayo ina njia yake: hulaza redio ya Wi-Fi kwa muda mfupi sana, huku kituo cha Wi-Fi kikiihifadhia ujumbe wake hadi iamke.

Kwa msimamizi wa mtandao, hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba kiini cha mfumo wake ni 5.16 au cha baadaye na kwamba draiva ya swichi yake inaikubali amri hii, kwani si zote zinazoikubali. Hatua ya pili ni kutenganisha milango ya akiba na ile isiyo na mteja kabisa. Ya akiba ibaki na high. Isiyo na mteja iwekewe auto, kisha hali halisi ya moduli isomwe tena ili kuhakikisha kwamba kweli imelala.