Mwalimu Aliyekivua Cheo

Katika zama za ukoloni, vijana wa Afrika Mashariki waliotaka kuwa madaktari walipanda kilima cha Mulago, Kampala, ambako wanafunzi wa Makerere walijifunza utabibu. Baadhi yao walitoka Kenya, katika shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, penye misheni ya Waskoti. Tangu mwaka 1940 mkuu wa shule hiyo alikuwa Mwingereza, mwalimu wa hesabu, Edward Carey Francis.

Kazi ya jeshi aliijua. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa mizinga. Baadaye alifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini mwaka 1928 aliiacha heshima hiyo, akaja kuongoza shule ya Maseno. Alikuwa mkali: saa ni saa, kazi ni kazi. Siasa za wanafunzi hakuzipenda, na Oginga Odinga, aliyesoma Maseno, alikuja kupingana naye. Hata hivyo, Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, wengi aliowafundisha walishika madaraka makubwa.

Wakati huo yeye alikwisha kukivua cheo chake. Mwaka 1962 aliondoka Alliance akaenda Pumwani, mtaa wa wanyonge mjini Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida hadi alipofariki mwaka 1966.

Hapo pana funzo kwa kila avaaye sare. Nidhamu ya mwenye kuamrisha hupimwa siku anapoamrishwa. Nyota za begani huvuliwa. Kazi iliyotendwa kwa uaminifu hubaki.