Mfumo wa neva unaojiendesha

Mfumo wa neva unaojiendesha ni sehemu ya mfumo wa neva inayosimamia kazi za mwili zisizongoja hiari ya mtu: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, usagaji wa chakula, utokaji jasho na upana wa mboni ya jicho. Jina lake la kitaalamu lilibuniwa mwaka 1898 na mwanafiziolojia Mwingereza, John Newport Langley.

Amri zake hutoka kwenye shina la ubongo na uti wa mgongo, chini ya uratibu wa haipothalamasi. Kwa kawaida hupitia seli mbili: ya kwanza huishia kwenye fundo la neva, ya pili huendelea hadi kwenye kiungo.

Tawi la simpathetiki huanzia sehemu ya kifua na kiuno ya uti wa mgongo, na huuandaa mwili kukabili hatari. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo humwenda mbio, mboni hupanuka, kinywa hukauka na viganja hulowa jasho, huku tezi za adrenali zikimwaga adrenalini katika damu.

Tawi la parasimpathetiki huanzia kwenye shina la ubongo na ncha ya chini ya uti wa mgongo. Hutuliza moyo, huongeza mate na huchochea usagaji. Neva yake kuu ni vagasi, jozi ya 10 kati ya jozi 12 za neva za ubongo.

Tawi la tatu ni mtandao wa neva ulio katika kuta za utumbo, unaoweza kusukuma chakula hata bila amri ya ubongo.

Matawi mawili ya kwanza hayashiki zamu. Hufanya kazi pamoja muda wote. Moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika. Moyo wa kawaida wa mtu aliyetulia hupiga kama mara 70, kwa kuwa vagasi huuzuia.

Mwaka 1921 Otto Loewi alionyesha, kwa mioyo ya vyura, kwamba vagasi hufanya hivyo kwa kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huzuia kemikali hiyo isivunjwe. Kwa hiyo mkulima aliyedhurika navyo hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, na mboni zake husinyaa. Hospitalini hutibiwa kwa atropini, dawa inayozuia asetilikolini isifanye kazi.