Shule ya maofisa ilipogeuka chuo

Vijana wetu hapa Kigali wanapenda magemu ya vita kwenye simu. Kumbe hata kompyuta ina undugu na jeshi. ENIAC ya Marekani, iliyokamilika 1945, iliundwa ipige hesabu za makombora ya mizinga. Lugha ya kompyuta ya COBOL nayo ilianza kupangwa Pentagon mwaka 1959.

Hapa mambo yalienda kinyume. Mwaka 1997 chuo cha teknolojia cha KIST kilianza katika majengo ya shule ya maofisa wa jeshi. Jirani tu, Camp Kigali, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa tarehe 7 Aprili 1994.

Kwa sisi tuliokimbia risasi, hilo si dogo. Anayejua kufyatua kwenye gemu anaweza kujifunza kuitengeneza.